Siku tatu Lisbon, peke yangu na goti bovu

Shangazi, shikamoo.

Mwezi Oktoba naenda Lisbon, Ureno, kwenye mkutano wa kikazi. Mkutano unakwisha Ijumaa jioni na ndege yangu ni Jumanne alfajiri, kwa hiyo nina Jumamosi, Jumapili na Jumatatu za kuzunguka mji. Mdogo wangu wa kike alikuwa aje tuwe wawili, ila amenyimwa viza, na tiketi yangu haibadilishiki. Sijawahi kuzunguka mji wa kigeni bila mtu pembeni.

Nina hofu tatu. Goti langu la kulia liliumia miaka miwili iliyopita, na nikitembea ngazi ndefu jioni nachechemea. Nami naambiwa Lisbon ni vilima vitupu. Halafu wezi: kila ninayemuuliza ananitajia tramu namba 28 na mikoba iliyofunguliwa mwenyewe akiwa amesimama hapohapo. Tena chakula. Mimi ni Mwislamu, nguruwe sili, na hata hapa Tanga sipendi kukaa mgahawani peke yangu watu wakinitazama. Wenzangu ofisini wanasema nijiunge na kikundi cha watalii kinachotembezwa kwa miguu, angalau nisiwe mpweke.

Ratiba yangu ni hii. Jumamosi tramu 28 mwanzo hadi mwisho, halafu ngome ya São Jorge, mtaa wa Alfama, na usiku Bairro Alto. Jumapili nipumzike na kununua zawadi, kwa sababu nimesoma kwamba makumbusho hufungwa "segunda-feira", na segunda ni pili. Jumatatu niende Belém kutwa nzima: monasteri, mnara na makumbusho yaliyo njiani.

Inafaa? Au nibaki hotelini?

Mwenye Goti Moja Zima, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na Jumatatu yako, maana ndiyo ingekuliza. Segunda ni pili, hujakosea. Lakini Wareno wanaanza kuhesabu siku Jumapili, sisi tunaanza Jumamosi. Kwa hiyo segunda-feira, siku yao ya pili, ni Jumatatu yetu. Terça, ya tatu, ni Jumanne. Quarta, ya nne, ni Jumatano. Ongeza moja tu. Ukifika quinta, ya tano, hesabu zinakutana, kwa sababu Alhamisi tuliitoa kwenye Kiarabu na huko nako ni ya tano. Sexta ni Ijumaa, sábado Jumamosi, domingo Jumapili. Ungekwenda Belém siku hiyo, ungekuta monasteri imefungwa, makumbusho yamefungwa, na foleni pekee ingekuwa ya keki.

Basi ratiba tunaigeuza, na tukiigeuza, goti nalo linapata nafuu. Kosa la pili la mpango wako ni kuweka vilima vitatu kwenye siku moja: Graça inakopita tramu 28, kilima cha ngome, na Bairro Alto upande wa pili wa bonde. Mtu mwenye magoti mazima angefika usiku amechoka. Wewe ungefika umebebwa. Panga kilima kimoja kwa siku, na siku ya katikati ukae chini kando ya mto ambako ni tambarare.

Kuhusu goti lenyewe, wengi wanahofia kupanda. Kupanda kunachosha pumzi na mapaja. Kinachoumiza goti ni kushuka, hasa ngazi, kwa sababu kila hatua uzito wote wa mwili unatua kwenye mguu mmoja uliopinda. Lisbon ina vyombo vingi vya kukupandisha, na watu wakishafika juu huteremka kwa ngazi za Alfama huku wakipiga picha, kesho yake wanatafuta barafu ya kukandia. Wewe panda kwa mashine, na kushuka fuata reli za tramu. Waliotandika reli hizo walitafuta mteremko ambao gari lingeweza kuumudu, kwa hiyo mara nyingi ndiyo njia iliyolala kuliko nyingine zote mtaani. Tena haipotezi: inakutoa mahali penye kituo. Tembea pembeni ya reli, si juu ya chuma, hasa mvua ikinyesha.

Na mvua Oktoba ipo. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe, vyenye michoro ya vijiwe vyeusi, wenyewe wanaviita calçada. Vimesuguliwa na nyayo za miaka mpaka vinang'aa. Vikilowa ni sabuni. Viatu vyenye soli ya ngozi au plastiki ngumu viache Tanga. Chukua soli ya mpira laini yenye mistari, na ikiwezekana fimbo ya kukunja yenye kitako cha mpira. Fimbo ishikwe mkono wa kushoto, kinyume na goti bovu. Kwenye ngazi, ukishuka tanguliza mguu mbovu pamoja na fimbo. Ukipanda tanguliza mzima.

Jumamosi iwe ya Graça. Panda tramu 28 kituo cha kwanza, Martim Moniz, kabla ya saa 3 asubuhi, ushuke Graça. Huna haja ya kuimaliza mpaka mwisho wa safari. Baada ya saa 4 foleni pale inaweza kukula saa nzima, na ukishaingia unasimama umebanwa huoni hata dirisha. Ukikuta foleni, basi namba 734 linatokea palepale na kupita Graça, halina wateja wa picha. Juu kuna vibaraza viwili vya kutazamia mji, wenyewe wanaviita miradouro: cha Graça penyewe, na Senhora do Monte kilicho juu zaidi. Chagua cha kwanza. Kile kingine kinadai mwinuko mkali wa ziada, na tofauti ya mandhari hailipi goti.

Toka hapo ufuate reli mpaka kanisa la São Vicente de Fora, kisha uzunguke nyuma yake uingie uwanja wa Campo de Santa Clara. Jumanne na Jumamosi pana mnada wa mitumba na vikorokoro, Feira da Ladra. Ladra ni mwizi mwanamke, nadhani umenielewa, mkoba mbele. Vigae vya zamani vinavyouzwa pale viache: vingine vimebanduliwa kwenye kuta za nyumba za watu, na kununua ni kuendeleza wizi huo.

Chini ya uwanja kuna kuba kubwa jeupe, Panteão Nacional, yaani kanisa la Santa Engrácia lililofanywa mahali pa kuzikia watu mashuhuri. Ujenzi wake ulianza 1682 ukakamilika 1966, na mpaka leo Wareno wakitaka kusema kazi isiyokwisha wanataja kanisa hilo. Ndani amezikwa Eusébio, mchezaji wa mpira aliyezaliwa Maputo, enzi hizo ikiitwa Lourenço Marques. Mabaki yake yalihamishiwa hapo 2015. Ukumbi wa chini unatosha. Usipande kwenye kuba, ni ngazi tupu. Ukitoka, mteremko mfupi unakufikisha stesheni ya Santa Apolónia, yenye metro (treni ya chini ya ardhi) ya mstari wa buluu wa kukurudisha katikati ya mji. Saa 8 mchana uwe umelaza mguu kitandani.

Jumapili sasa, siku ya mto. Asubuhi usikimbilie Belém: kanisa la monasteri linakuwa na misa, watalii wanaruhusiwa mchana. Nenda kwanza Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Rua das Janelas Verdes, inayofungua saa 4 asubuhi. Basi 714 kutoka Praça da Figueira linapita hapo. Kabla ya kwenda angalia tovuti yao kuona kumbi zipi ziko wazi, kisha ukifika muulize mhudumu maneno haya tu: Custódia de Belém. Kitu utakachooneshwa ni chombo cha kanisa cha dhahabu, kimo zaidi ya sentimita 70, chenye vijinara kama vya kasri na mitume 12 wadogo wamepiga magoti kuzunguka kioo, wamepakwa rangi za kung'aa. Inama utazame kitako. Kimezungushiwa maandishi ya Kireno cha zamani, yanayosema mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika 1506.

Ndiyo, Kilwa yetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa pale kukubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu yenyewe ilikuwa imepanda pwani kutoka Sofala. Mwaka 1505 zikaja merikebu nyingine, Kilwa ikaporwa na Mombasa ikachomwa moto. Watalii wengi hupita mbele ya kabati hilo dakika moja wakaendelea na picha za watakatifu. Mtu wa pwani anaweza kukaa nusu saa, na hiyo ni raha ya kutembea peke yako: hakuna anayekuvuta mkono muondoke. Nyuma ya jengo kuna bustani yenye mgahawa unaotazama mto. Pumzisha goti hapo.

Toka hapo panda tena 714, au teremka barabara kubwa ya chini ukachukue tramu 15E, mpaka Belém. Kwenye monasteri ya Jerónimos watu hupotea kwa sababu kuna foleni mbili. Ile ndefu ni ya ua wa ndani wenye nguzo za kuchongwa, ambao una kiingilio, na tiketi ununue mapema mtandaoni ukichagua saa. Foleni nyingine ni ya kanisa, na kanisa ni bure. Ukishavuka mlango, kabla hujafika kwenye nguzo ndefu, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama na kulia la mshairi Luís de Camões. Jengo hili lilianza 1501, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwenye ushuru wa bidhaa za Afrika na Mashariki. Ukitoka makumbusho ukaja hapa, habari inaunganika. (Ukisoma ushauri wa zamani kwamba Jumapili makumbusho ni bure, siku hizi bure hiyo ni ya wakazi wa Ureno. Usibishane na mkata tiketi.)

Mnara wa Belém utazame ukiwa nje. Ndani ni ngazi nyembamba za mzunguko, watu wanapanda na kushuka kwa zamu, na goti lako halitakushukuru. Mbele ya mnara mwingine, ule wa wasafiri wa baharini uliojengwa 1960, chini pametandazwa dira ya marumaru yenye upana wa mita 50 na ramani ya dunia katikati. Itafute pwani yetu, usimame juu yake, halafu mwombe mtu akupige picha.

Hilo la picha nalo lina utaratibu. Asikuchague mpigaji, umchague wewe. Tafuta mama na watoto, au wawili wanaopigana picha wao kwa wao; wapige wao kwanza, kisha uwape simu yako. Anayekujia mwenyewe akijitolea kukupiga, mshukuru na uendelee na safari. Simu usiisimamishe kwenye ukuta wa kibaraza ukarudi nyuma hatua kumi.

Keki za Belém zinazouzwa pale tangu 1837 zina foleni barabarani, lakini ile ni ya wanaobeba. Ingia ndani kabisa, kuna kumbi za kukaa zenye meza nyingi, mara nyingi unapata nafasi haraka kuliko waliosimama juani. Kurudi mjini jioni, 15E ikija imeshona, vuka daraja la miguu uende stesheni ya treni ya Belém. Treni inakufikisha Cais do Sodré ndani ya dakika chache.

Jumatatu tumeibakizia vitu vinavyofunguliwa Jumatatu: ngome, kanisa kuu la Sé, na magofu ya Carmo. Hayo mawili ya mwisho Jumapili yamefungwa kwa watalii, kwa hiyo hujapoteza kitu. Kufika ngome bila kupanda, anzia Baixa, mtaa tambarare ulionyooka kama daftari la hesabu. Umenyooka hivyo kwa sababu tetemeko la 1 Novemba 1755, na mawimbi na moto uliofuata, vilifuta mji wa zamani, ukachorwa upya kwa rula. Ingia Rua dos Fanqueiros, utafute jengo lenye namba 170 na kitu. Linafanana na majirani zake, ila mlangoni limeandikwa Elevador Castelo. Ni lifti ya manispaa, bure. Inakutoa Rua da Madalena. Vuka barabara, panda kidogo mpaka jengo la Chão do Loureiro, lenye duka kubwa la vyakula chini na maegesho ya magari juu. Ndani mna lifti ya pili, nayo bure, inayokutoa mtaa wa Costa do Castelo. Umebakiwa na mwinuko wa kama dakika 10, twende pole pole. Lifti ikiwa mbovu usijilazimishe: basi dogo namba 737 kutoka Praça da Figueira linakupeleka mpaka juu.

Uwe langoni saa 3 asubuhi wanapofungua. Saa moja ya kwanza ngome ni yako na tausi wanaozurura uani. Kuta zenye ngazi zisizo na mikono ya kushikia ziache. Kibaraza cha mizinga kinatosha, mji wote unauona. Kisha shuka hadi Portas do Sol, hatua chache hadi Santa Luzia penye kuta za vigae vya buluu, halafu fuata reli za 28 zikuteremshe kupitia Sé mpaka Baixa. Ukishawishika kuingia vichochoro vya Alfama, ingia. Ramani ya simu hupotea mle kwa sababu nyumba zimesongamana, ila kanuni ni moja: kila kinachoteremka kinaishia mtoni.

Mchana, kupanda Chiado kuliko ng'ambo ya bonde, usitembee na usilipe. Ingia stesheni ya metro ya Baixa-Chiado kwa mlango wa chini, Rua do Crucifixo, na bila kupita kwenye mageti ya tiketi panda ngazi za umeme moja baada ya nyingine. Unatokea juu kabisa kwenye uwanja wa Chiado, kana kwamba umepita tumboni mwa kilima. Carmo iko karibu: kanisa lililopoteza paa 1755 na likaachwa hivyo makusudi, nguzo zake zimeshika mbingu. Magari ya kamba yanayopanda vilima, pamoja na lifti ya chuma ya Santa Justa, usiyajengee siku. Gari la Glória liliacha njia 3 Septemba 2025 likaua watu 16, na yale mengine yakasimamishwa kwa ukaguzi. Ukikuta chombo kinafanya kazi, ni ziada. Bairro Alto ya usiku ifute. Ni baa na kelele, na mawe yaliyomwagikiwa bia.

Kikundi cha kutembezwa? Hapana. Ziara zile zinazoitwa za bure, ambazo mwisho unalipa bakshishi, huchukua kama saa mbili na nusu hadi tatu kwa mwendo wa kijana anayeongoza, na ngazi zimo. Utakuwa wa mwisho kila kona, unaomba radhi. Upweke wenyewe haukai mchana, unakuja saa moja jioni jua likizama na kila meza ina wawili wawili. Kwa hiyo mlo wako mkubwa uwe wa mchana. Wareno wanaofanya kazi mjini nao hula mchana peke yao, kwenye migahawa midogo, wengine wamesimama kaunta. Fika saa 6 kamili kabla hawajajaa. Sema "uma mesa para uma pessoa". Mesa ni meza, tuliichukua kwao pamoja na leso, bendera na nanasi. Agiza prato do dia, chakula cha siku hiyo. Kwenye orodha, dose mara nyingi hushibisha wawili. Wewe agiza meia dose, nusu. Mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani bila kuomba si zawadi: ukigusa, vimo kwenye bili. Hutaki, rudisha mapema kwa tabasamu.

Samaki ndiye mkombozi wako. Polvo ni pweza, dourada grelhada ni samaki mzima wa kuchoma, na bacalhau ni samaki mkavu wa chumvi, tuseme binamu wa ng'onda, anayelowekwa kabla ya kupikwa. Uliza "tem porco?", na "tem vinho?", maana mvinyo unaingia kwenye michuzi mingi ya vitu vya baharini. Supu ya caldo verde ina vipande vya soseji ya nguruwe hata pale inapoonekana mboga tupu. Kwenye keki uliza "tem banha?", yaani mafuta ya nguruwe, unga wa baadhi ya duka hukandwa nayo. Ukitaka nyama halali, Rua do Benformoso karibu na Martim Moniz ina migahawa ya Wabangladeshi, nenda mchana. Msikiti mkuu uko karibu na metro ya Praça de Espanha. Ulifunguliwa 1985, na wengi wa waliouanzisha walikuwa na asili ya Msumbiji.

Wezi. Lisbon si mji wa kukabwa, ni mji wa kuchomolewa. Kwenye tramu kazi hufanyika mlangoni: mmoja anasita kwenye ngazi kana kwamba anatafuta hela, wewe nyuma yake umekwama, na aliye nyuma yako mikono yake iko huru. Dawa ni kukaa pembeni mpaka kundi lote lipande, kisha upande wa mwisho, mkono juu ya zipu. Mkoba uwe wa kuvuka kifua, zipu ielekee mwilini, juu yake koti jepesi. Simu isikae mezani kwenye migahawa ya nje, na mkanda wa mkoba upitishe mguuni unapokula. Pasi na kadi moja ya benki ziache kwenye sefu ya hoteli. Utembee na nakala ya pasi, kadi ya pili, na yuro 40 hivi. Vijana wa Rua Augusta wanaonong'ona kuwa wana bangi mara nyingi huuza majani ya mchuzi yaliyogandamizwa. Sema "não, obrigada" bila kupunguza mwendo. Likikukuta la kukukuta, polisi wa watalii wako Palácio Foz, uwanja wa Restauradores. Waombe hati ya maandishi, maana bima uliyolazimika kuikata kwa ajili ya viza haitalipa bila hiyo. Dharura piga 112.

Fedha toa kwenye mashine za benki zenye alama ya Multibanco. Ikikuuliza ulipie kwa shilingi au yuro, chagua yuro, vinginevyo unakatwa kwa kiwango chao. Nauli nunua kwenye mashine ya metro hapohapo uwanja wa ndege: kadi ya navegante ni senti 50, kisha unaijaza salio linaloitwa zapping. Safari moja ya metro, basi au tramu inakatwa chini ya yuro 2, wakati dereva wa tramu akikuuzia tiketi mkononi ni zaidi ya yuro 3. Zapping inakubalika hata kwenye treni ya Belém. Tiketi ya kawaida ya saa 24 ya metro na mabasi treni haiitambui. Aina hizo mbili hazikai kwenye kadi moja kwa wakati mmoja, ndipo mashine inapokataa na foleni nyuma inaguna. Usiitupe kadi ukishaingia, unaigusisha tena kutoka. Kwenda mjini: mstari mwekundu mpaka Alameda, badili kijani kuelekea Cais do Sodré, shuka Rossio.

Vidogo vilivyobaki. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule, nunua adapta ya miguu miwili ya mviringo kabla ya kuondoka. Maji ya bomba yananyweka. Kwenye vyoo, H ni wanaume. M ni mulheres, wanawake, usije ukaikimbia. Saa zote hapa nimekuandikia za Kiswahili. Kwenye tiketi 10h00 ndiyo saa 4 asubuhi, na wakiwa saa 4 huko, Tanga ni saa 6, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanaporudisha saa zao nyuma na tofauti inakuwa saa tatu.

Jumanne alfajiri metro haitakusaidia, inafunguliwa saa 12:30. Waambie hoteli Jumatatu jioni wakuagizie teksi, au tumia Bolt ileile uliyonayo kwenye simu. Kadi ya navegante rudi nayo. Inadumu mwaka mmoja na haina jina la mtu. Mdogo wako akiomba viza tena, mpe.

Shangazi